Takia la Arkipe Lilivyoshitakiwa

Arkipe hakuwa mtu wa kukumbuka sura. Ungemsalimia asubuhi, ukamsalimia tena adhuhuri, naye akakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Lakini ukigeuka kwenda zako, angekuita kwa jina lako na la baba yako, na kukutajia manowari uliyoitumikia. Alikuwa mshonaji wa matakia ya wapiga makasia kwenye lango la magudi ya Zea, bandari ya manowari, kama mama yake na bibi yake kabla yake, na elimu ya ukoo ule ilihusu upande wa mtu unaoonekana anapoondoka.

Kwetu Pireo, mji wa bandari wa Athene, mpiga makasia alipanda chomboni na vitu vitatu: kasia begani, kitanzi cha ngozi cha kulifungia, na takia kwapani. Takia lilikuwa la ngozi ya kondoo, ndani sufu, na chini yake limepakwa shahamu, ili mtu akinyoosha miguu ateleze nyuma, akiikunja ateleze mbele, siku nzima. Asiyepaka alibaki amegandia ubao wakati wenzake wanateleza, na ikifika jioni ngozi iliyochubuka haikuwa ya kondoo. Mtu wa namna hiyo tulimwita mkavu. Neno hili usimwambie mtu wa Pireo kwa mzaha. Nawajua ndugu wawili waliogawana shamba la mitini kwa sababu mmoja alimwita mwenzake mkavu harusini.

Ndiyo maana Arkipe alilipaka kila takia jipya yeye mwenyewe, kwa kiganja, bila malipo, kabla ya kulikabidhi. Mama yake alifanya hivyo. Mteja naye hakuomba wala hakushukuru. Ilikuwa kama chumvi kwenye dengu.

Miaka hiyo tulikuwa huru. Mfalme fulani alitukomboa, kisha, kwa kuhofia tusije tukaupoteza uhuru huo, akaweka askari wake juu ya kilima cha Athene wautunze. Mfalme huyo alipenda vitu vikubwa. Manowari za babu zetu ziliitwa Tatu, kwa safu zake tatu za makasia, na kwa hizo Tatu walimfukuza mfalme wa Uajemi, jambo ambalo hatujawahi kuacha kulitaja. Yeye alitaka Kumi-na-Tatu, ijengwe kwetu, ipigwe makasia na watu wetu.

Nusu ya Pireo ilidhani chombo hicho kitakuwa na safu kumi na tatu za makasia, moja juu ya nyingine, na walikuwapo waliokwenda gudini kuzihesabu wakarudi wakidai wamezihesabu. Zilikuwa mbili. Kasia la juu lilishikwa na watu saba, la chini sita, na ukijumlisha unapata fahari ya mfalme. Makasia yenyewe yalikuwa marefu kuliko nyumba nyingi za mtaani kwetu. Kasia kama hilo halivutwi ukiwa umeketi. Watu saba husimama pamoja, hukanyaga kidaraja kilicho mbele yao, hulisukuma, kisha hujitupa nyuma kwa uzito wao wote na kuangukia ubao.

Fundi mkuu, mtu wa Kipro, akatangaza kwamba kwa hiyo katika chombo chake matakia hayana kazi.

Arkipe alipoletewa habari hiyo alifunga kibanda, akaenda gudini, akasimama chini ya ubavu wa chombo mpaka fundi akachungulia.

"Fundi," alisema, "hao watu wako wakishasimama, wanaishia wapi?"

"Wanarudi kwenye ubao, mama. Wanaanguka."

"Basi anayeketi huchagua pa kukaa, bwana. Anayeanguka ndiye wa kutandikiwa."

Fundi akacheka, akarudisha kichwa ndani. Mazoezi yakaanza, chombo kikiwa bado gudini. Siku ya nne wanaume mia sita walionekana ufukweni wakila dengu wima. Usiku walilala kifudifudi. Wengine wakaenda kulala katika hekalu la mungu wa tiba, lililoko palepale Zea, na mungu akawatokea wengi wao ndotoni akawashauri wote jambo moja: ngozi ya kondoo. Hakuna aliyeona haja ya kutaja kwamba kibanda cha Arkipe kinatazamana na mlango wa hekalu, au kwamba alikuwa na desturi ya kuimba anaposhona.

Agizo likatoka: matakia mia sita, siku ishirini. Tajiri Euthino, ambaye mji ulikuwa umempa heshima ya kukigharimia chombo hicho na yeye akaipokea kama mtu anavyopokea homa, alimwita Arkipe akampa sharti moja. Kibanda cha langoni kiko kwenye ardhi ya mji. Matakia yakifaa, atakikalia hadi kufa. Yakileta aibu kwa kosa lake, atakiacha siku hiyohiyo.

Arkipe akakubali. Vizazi vitatu vya ukoo wake vilikuwa vimekalia jiwe moja langoni pale, na jiwe lilikuwa limebonyea kwa umbo lao. Alikusanya wanawake wa mtaa, wakakata, wakashona, wakajaza, na jioni ya mwisho alikaa na mtungi wa shahamu akayapaka yote mia sita, moja baada ya moja, mpaka mikono ikavimba. Mzee Strombiko, kiongozi wa wapiga makasia, aliyepigana vita viwili vya baharini na kushindwa vyote kwa heshima, alipita akatazama.

"Umeyapaka vizuri, dada," alisema.

"Nimeyapaka kama mama."

Wote wawili walikuwa na miaka hamsini ya ujuzi wa kitu kimoja, na ujuzi wa namna hiyo haumwachi mtu nafasi ya kufikiri.

Siku ya kushusha chombo, Pireo nzima ilikuwa gatini. Wajumbe wa mfalme waliketi kwenye jukwaa wakiwa na kofia pana na nyuso za watu waliozoea kushangiliwa. Matakia ya upande wa kulia yalikuwa yamepakiwa kwanza, alfajiri, yakakaa juani hadi saa tano, na shahamu ikazama yote ndani ya ngozi. Ya upande wa kushoto yalipakiwa mwisho, kutoka kivulini, shahamu ikiwa bado juu.

Bakio, mpiga zumari, akasimama katikati ya chombo. Hapa inafaa kusema kwamba Strombiko alikuwa amewafunza watu wake kwa mwezi mzima wasisikilize kitu chochote ila zumari. Si kelele, si amri ya tajiri, si mama zao. Zumari likilia mara moja wanasimama. Likilia mara ya pili wanajitupa. Kuanzia hapo wanaendelea kwa mwendo huohuo mpaka zumari liwaambie vingine.

Likalia mara moja. Watu mia sita wakainuka, na gati zima likavuta pumzi. Likalia mara ya pili.

Upande wa kulia waliangukia ubao wakabaki hapo. Upande wa kushoto waliangukia ubao wakaendelea na safari. Watu mia tatu walipita juu ya mbao zao bila kusimama na kuwaangukia walioko nyuma yao, ambao nao walikuwa tayari wameondoka kwenda kwa wa nyuma yao. Mashikio ya makasia yaliruka juu, na ncha zake zikazama baharini kama vijiti vya mtu anayetafuta kisima. Takia moja lilibanwa kati ya ubao na kalio la mtu mzito, likachomoka kama kokwa la zeituni kati ya vidole, likapaa, likaligonga zumari la Bakio kwa mbele. Zumari likavunjika. Meno mawili ya mbele ya Bakio yakaondoka nalo.

Upande wa kulia hawakuona wala hawakusikia chochote. Walikuwa wamefunzwa vizuri. Waliendelea kuvuta.

Chombo kikageuka. Kiligeuka kwa utukufu mkubwa, polepole, na wajumbe wa mfalme wakapiga makofi, kwa kudhani ni salamu. Katika mzunguko wa pili walipiga makofi tena. Katika wa tatu walianza kutazamana. Strombiko alikimbia huku na huku akiwapigia kelele watu mia tatu waliofunzwa na yeye mwenyewe kutomsikiliza. Katika mzunguko wa tano tezi, yaani nyuma ya chombo, ilifagia banda la wauza samaki wa chumvi, na katika wa saba chombo kilipanda kwenye tope kikatulia, kikiwa kimeelekea kule kilikotoka.

Jioni ile wajumbe waliondoka na ujumbe mfupi: mfalme atataka kujua ni nani mwenye kosa. Mji una siku kumi za kumpata, kumhukumu na kumtoa nchini.

Basi tukaanza kutafuta. Wapiga makasia walisema kosa ni la Strombiko. Strombiko alisema ni la fundi, aliyetengeneza mbao laini mno. Fundi alisema mbao zilikuwa laini kwa agizo la Euthino. Euthino, aliyekuwa na binamu watatu barazani, alisema yeye aliagiza chombo, hakuagiza matakia, na matakia yana mwenyewe. Kila mtu akaafiki kwa pamoja, jambo ambalo kwetu hutokea mara moja kwa kizazi. Arkipe alikuwa mjane, hakuwa na kura, na alikuwa ndiye aliyekuwa na mtungi wa shahamu.

Shemeji yake Mikioni, ndugu wa marehemu mumewe na msemaji wake kisheria, alikuja kibandani akiwa amejikunja. Alikuwa muuza vitunguu saumu, mtu mkweli kiasi cha kuharibu biashara.

"Wamekupata, shemeji," alisema. "Watakunyang'anya kibanda, halafu watakutoza faini mpaka jiwe lenyewe. Mimi nikiulizwa nani alipaka, nitasema nini? Mimi siwezi kusema uongo, nang'aa jasho."

Arkipe aliendelea kushona mpaka mwisho wa mstari.

"Nani alimlaumu nani?" aliuliza.

Mikioni akampa mlolongo wote.

"Hii si sikukuu ya ng'ombe?"

Mikioni hakuelewa, kwa hiyo Arkipe alimkumbusha anachokijua tangu utotoni. Kila mwaka mji huchinja ng'ombe wa madhabahu, na kwa kuwa ng'ombe wa jembe ni rafiki wa watu, baada ya kuchinja lazima apatikane muuaji. Wabeba maji huwasingizia wanoaji. Wanoaji humsingizia aliyelipokea shoka. Huyo humsingizia aliyepiga, naye aliyepiga ameshakimbia. Shoka linaulizwa, linanyamaza, linapatikana na hatia. Kisha watu wote hula nyama kwa moyo mweupe.

"Shemeji," alisema Arkipe, "kila mwaka tunalihukumu shoka. Mwaka huu takia lina nini la pekee?"

Sheria ilikuwepo. Wazee wetu waliandika kwamba kitu kisicho na roho, kiwe jiwe, gogo au chuma, kikimwua mtu, kishitakiwe chenyewe, na kikiwa na hatia kitupwe nje ya mipaka ya nchi. Makarani waliifurahia kesi mara walipoisikia. Takia halikuwa na binamu barazani. Kulikuwa na tatizo moja tu: sheria ilitaka maiti, na Bakio alikuwa hai, nyumbani kwake, akinywa mchuzi upande wa shavu.

Arkipe alimwendea na sufuria.

Alimweleza kwa utaratibu. Mpiga zumari bila meno ya mbele hapigi zumari; asiyepiga zumari si mpiga zumari; basi mpiga zumari Bakio hayupo tena duniani. Mikioni angeweza kuyasema hayo bila kutoa jasho, maana yalikuwa karibu kuwa kweli.

Bakio alifikiri sana. "Nife kwa muda gani?"

"Asubuhi mpaka hukumu."

"Na chakula?"

"Marehemu hali, Bakio. Lakini nyuma ya ukuta wa mahakama kuna kivuli, na mimi mwanamke siruhusiwi kuingia. Nitakuwa hapo na dengu."

"Zenye nyama?"

"Ukifa vizuri."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba siku ya kesi mshitakiwa alikuwa ndani, amewekwa juu ya benchi mbele ya mahakimu, na jino moja la Bakio bado limekwama ndani ya ngozi yake kama ushahidi; na nje, chini ya ukuta, mjane na marehemu walikuwa wamechutama na sufuria katikati, wakisikiliza.

Takia liliulizwa mara tatu kama lina la kujitetea. Nimehudhuria kesi nyingi Athene, na sijaona mshitakiwa aliyejiheshimu kama lile. Halikulia, halikuleta watoto, halikutaja vidonda vya vita.

Mikioni alisimama akasema maneno aliyofundishwa. Alisimulia jinsi takia lilivyopaa na jinsi mpiga zumari alivyotutoka. Aliposema "alitutoka" marehemu alipaliwa na dengu nyuma ya ukuta, na Arkipe akamziba mdomo kwa kitu kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa takia. Mahakimu walitazamana. Mikioni akasema pengine ni mbuzi, na jasho la kwanza likamtoka.

Hapo hakimu mkuu, mzee mwenye mgongo mpana, akainama mbele. Alikuwa ameanza kuvutiwa.

"Takia hili liliteleza," alisema. "Lilipakwa?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na nani?"

Hili halikuwemo katika maneno aliyofundishwa. Nje, Arkipe alikishusha kijiko. Alimjua shemeji yake. Alijua jasho lile. Alijua pia kwamba mchana huohuo Euthino angetuma mtu kuling'oa jiwe.

"Na shemeji yangu," alisema Mikioni.

Makarani walishusha kalamu, na aliyekuwa ameketi karibu na Euthino alimsikia akisema "haya" kwa sauti ya mtu aliyekwisha maliza kazi.

Mikioni, kwa kuwa ukweli ulikuwa umeshaanza kutoka na hakuwa na mahali pa kuuzuia, akauachia wote. "Kama mama yake alivyopaka, mheshimiwa. Amepaka ya kila mtu. Alipaka langu. Mama yake alilipaka la baba yangu. La kwako pia, sijui, mimi nauza vitunguu, lakini nadhani hukukaa mkavu."

Neno lile lilianguka katikati ya ukumbi. Hakimu mkuu alinyooka taratibu. Alikuwa amepiga kasia miaka kumi na minne, kushoto, safu ya juu, na kila mtu pale alilijua hilo kwa sababu alikuwa akilisema.

Aliwatazama mahakimu wenzake, kisha umati, benchi kwa benchi.

"Anayedai kupaka shahamu ni kosa," alisema, "asimame atuambie yeye alikaa mkavu vita gani."

Hakuna aliyesimama. Walikuwemo watu ambao hawajawahi kugusa kasia maishani mwao, Euthino mmojawapo, nao waliketi imara kuliko wote.

Takia lilipatikana na hatia kabla ya chakula cha mchana. Pamoja nalo walitiwa hatiani washirika wake mia tano tisini na tisa. Walipakiwa kwenye mikokoteni ya punda, wakapelekwa hadi mpaka wa Megara, wakatupwa upande wa pili wa jiwe la mpaka wakisomewa laana rasmi. Wachungaji wa Megara walisubiri laana iishe. Mpaka leo inasemekana hakuna wachungaji Ugiriki nzima wanaoketi vizuri kama wale.

Mji ulimwandikia mfalme kwamba mhalifu amepatikana, amehukumiwa, na amefukuzwa nchini pamoja na wenzake karibu mia sita. Mfalme alijibu kwa mkono wake mwenyewe. Alisema hakutegemea ukali wa kiasi hicho kutoka kwa watu wa Athene, na alituomba tuwe na huruma siku nyingine. Barua yetu haikutaja kwamba wahalifu walikuwa wa ngozi. Hakuuliza.

Ikabaki chombo, ambacho sasa hakikuwa na takia hata moja. Euthino alituma agizo jipya kupitia Strombiko, kwa sababu yeye mwenyewe hakutaka kuonekana langoni. Mia sita, na safari hii yasipakwe.

"Hawatayakalia, dada," alisema Strombiko. "Nimewauliza. Wanasema heri waanguke kwenye ubao mtupu kuliko watoto wao waambiwe baba alikuwa mkavu. Na mimi siwalaumu."

Arkipe aliligeuza takia mikononi. Kisha alichovya kidole gumba ndani ya mtungi akaliwekea doa moja pembeni, dogo kama ukucha, mahali ambapo haliwezi kutelezesha hata mdudu. Akampa anuse.

Strombiko alinusa. "Hili limepakwa," alisema.

"Limepakwa."

Kumi-na-Tatu ilishushwa tena majira ya vuli. Ilikwenda moja kwa moja hadi mdomo wa bandari, ikarudi, na watu mia sita waliapa jioni ile kwamba waliteleza kama baba zao. Haikuwahi kupigana. Ilioza gudini kwa miaka mingi, na mfalme alipata wafalme wengine wa kumsumbua.

Arkipe alibaki juu ya jiwe lake, ambalo hakuwahi kuliwekea takia. Bakio naye alipita langoni kila asubuhi akiwa na bakuli tupu. Hukumu haikuwa imesema afufuliwe lini, na tangu siku ile hakuna karani aliyemwita jeshini wala barazani, hali ambayo yeye hakuona sababu ya kuirekebisha. Arkipe hakuijua sura yake. Lakini alipokuwa akiondoka na dengu zake, alimwita kwa nyuma bila kuinua macho kutoka kwenye sindano:

"Marehemu, kesho uje mapema. Kesho zina nyama."